Jiko la Marekani Lililopelekwa Moscow

Maonyesho ya Taifa la Marekani yalifunguliwa katika bustani ya Sokolniki, Moscow, mwezi Julai 1959, Vita Baridi vikiwa vimepamba moto. Yalitokana na mkataba wa kubadilishana utamaduni ambao Marekani na Umoja wa Kisovieti zilitia saini Januari 1958, na kila upande ukapata nafasi ya kujinadi kwa watu wa mwenzake. Wasovieti walitangulia. Juni 1959 walijaza ukumbi wa Coliseum jijini New York mifano ya setilaiti ya Sputnik na mashine nzito za viwandani, na yeyote aliyeingia aliona taifa linalojivunia sayansi yake.

Wamarekani hawakutaka kushindana kwa roketi. Walipeleka maisha ya nyumbani: magari, nguo, vipodozi, televisheni za rangi na Pepsi ya bure. Mlangoni lilisimama kuba la rangi ya dhahabu lililobuniwa na Buckminster Fuller. Ndani yake, filamu ya Charles na Ray Eames ilionyeshwa kwenye skrini saba kwa pamoja, ikipitisha picha zaidi ya 2,000 za siku ya kawaida ya Mmarekani.

Kilichozua maneno zaidi ni nyumba ya mfano, iliyokatwa katikati ili watu wapite na kuona vyumba vya pande zote mbili. Ilisemekana kuwa mfanyakazi wa kawaida angeimudu kwa dola 14,000 hivi. Shirika la habari la Kisovieti, TASS, lilipinga vikali, likidai kuwa kuiita hiyo nyumba ya mfanyakazi ni sawa na kuionyesha Taj Mahal kuwa makazi ya mfumaji wa Bombay. Hasira hiyo ilikuwa na sababu. Serikali ya kiongozi wa Kisovieti, Nikita Khrushchev, ilikuwa imeahidi kuimaliza shida ya makazi, na familia nyingi za mijini bado zilichangia jiko moja na majirani.

Tarehe 24 Julai, Khrushchev na Makamu wa Rais wa Marekani, Richard Nixon, walisimama mbele ya jiko la nyumba hiyo wakabishana hadharani. Nixon alionyesha mashine ya kufulia na kusema hata mfanyakazi wa kiwanda cha chuma wa Marekani anaweza kununua nyumba kama ile, huku akikiri kwamba wafanyakazi hao walikuwa kwenye mgomo wakati huohuo. Khrushchev alijibu kwamba nyumba mpya za Kisovieti zilikuwa na vifaa hivyohivyo, kisha akauliza kama kuna mashine ya kumlisha mtu mdomoni. Mpiga picha Elliott Erwitt alimnasa Nixon akiwa amemwelekezea Khrushchev kidole kifuani, na picha hiyo ilimsaidia Nixon katika kampeni ya urais ya 1960.

Picha hiyo ndiyo inayokumbukwa, lakini kazi kubwa zaidi ilifanywa na vijana 75 wa Kimarekani waliozungumza Kirusi. Walisimama kutwa nzima wakijibu maswali kuhusu mishahara, kodi ya nyumba, gharama za matibabu na ukosefu wa kazi. Chama cha Kikomunisti kilipenyeza watu wa kuwabana, na swali gumu kuliko yote lilihusu ubaguzi wa rangi. Miongoni mwa vijana hao walikuwapo Wamarekani weusi wachache, na jibu lao lilikuwa na uzito ambao friji isingeweza kuwa nao.

Ubishi ulikuwapo hata Washington. Mbunge Francis Walter alilalamika kwamba baadhi ya wachoraji ambao kazi zao ziliteuliwa kwa maonyesho hayo walikuwa na uhusiano na wakomunisti. Rais Eisenhower hakuiondoa michoro yao; iliongezwa tu michoro ya zamani yenye mtindo uliozoeleka. Uamuzi huo ulikuwa wa maana, kwa sababu nchi iliyokwenda kujisifia uhuru isingeweza kuficha kazi za wasanii wake na bado ikaaminika.

Hadi maonyesho yalipofungwa mwanzoni mwa Septemba, watu wapatao milioni 2.7 walikuwa wameyatembelea. Maoni yao katika daftari za wageni yalitofautiana: wengine walisifu magari, wengine waliuliza sayansi ya Marekani iko wapi. Mwaka 1972 Pepsi, iliyogawiwa bure kwenye maonyesho hayo, ilipata mkataba wa kuuza kinywaji chake katika Umoja wa Kisovieti. Maonyesho mengine ya Kimarekani yalizunguka miji ya Kisovieti hadi 1991, yakihusu plastiki, tiba, elimu na kilimo, na kila moja lilikwenda na vijana wa kuzungumza Kirusi.