Podiatrista wa NHS
Podiatrista ni mtaalamu wa afya anayechunguza na kutibu maradhi ya miguu, hasa kuanzia kifundo kwenda chini. Nchini Uingereza baadhi yao huajiriwa na NHS, huduma ya afya ya umma iliyoanza mwaka 1948. Cheo hicho kinalindwa na sheria: hukitumia tu mwenye usajili wa HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya. Kukata kucha, kunakojulikana zaidi, ni sehemu ndogo ya kazi. Uzito wake uko kwa wagonjwa wa kisukari: podiatrista hupapasa mapigo ya damu, hugusa wayo kwa uzi wa nailoni unaopinda kwa nguvu ya gramu 10 ili kupima hisi, na husafisha vidonda visije vikalazimisha mguu kukatwa. Tangu 2013, waliopata mafunzo ya ziada huandika dawa wenyewe.