Ukoo wa Miungu na Drakma 500

Mnamo 206 au 205 KK, wajumbe watatu, Lamprias, Ainetos na Phegeus, walifika Xanthos, mji wa Likia katika pwani ya kusini-magharibi ya Uturuki ya leo. Walitoka Kytenion, mji mdogo wa Doris katikati ya Ugiriki. Tetemeko la ardhi lilikuwa limeangusha sehemu ya kuta zao, na mfalme Antigonos Doson wa Makedonia alipovamia, vijana wao wakiwa wamekwenda kulinda hekalu la Delphi, alibomoa zilizosalia na kuchoma nyumba.

Walikuja kuomba fedha, na hoja yao ya kwanza ilikuwa nasaba. Leto aliwazaa Artemis na Apollo kwenu Likia, walisema. Apollo naye akamzaa Asklepios kwetu Doris, na mama yake Koronis ni wa uzao wa Doros, babu yetu. Tena Aletes, wa ukoo wa Herakles, aliwaokoa vitani walowezi waliotumwa na Chrysaor wa Likia, kisha akaoa mjukuu wa Chrysaor. Wakaongeza jambo ambalo nalishuku kuwa ndilo lililokuwa na uzito kuliko yote: mfalme Ptolemaios wa Misri, bwana wa Xanthos wakati huo, naye ni mzao wa Herakles. Kumsaidia ndugu wa mfalme ni kujipendekeza kwa mfalme, na hilo halikuhitaji kufafanuliwa.

Watu wa Xanthos waliukubali undugu huo bila ubishi, ila hazina ilikuwa tupu. Madeni yalikuwa mengi, matajiri walikuwa wameshachangishwa, na azimio la miaka tisa lilikataza kuwatoza raia mchango mpya. Wakakopa drakma 500, kiasi kisichojenga ukuta wowote wa maana, wakawapa wageni. Habari yote, pamoja na udhuru wao, ikachongwa kwenye jiwe la mistari zaidi ya 100 katika hekalu la Leto, ambako wanaakiolojia walilipata mwaka 1965.

Kuuliza kama waliziamini hadithi hizo ni kupoteza muda. Ndugu akishabisha hodi, kumrudisha mikono mitupu ni aibu mbele ya miji mingine, na aibu hiyo wajumbe waliijua vizuri.

Mbinu yenyewe ilikuwa ya zamani. Mwanahistoria Herodotos anasimulia kwamba kabla ya kuivamia Ugiriki mwaka 480 KK, Xerxes, mfalme wa Uajemi, aliwatumia watu wa Argos ujumbe kuwa Waajemi wametokana na Perses, mwana wa Perseus, shujaa wa Argos. Argos haikupigana upande wowote. Mwaka 196 KK, Lampsakos, jirani wa Troia, iliwakumbusha Warumi asili yao ya Kitroia ili iwekwe kwenye mkataba wao na mfalme Philippos wa Makedonia.

Kitabu cha Kwanza cha Wamakabayo nacho kina barua ya mfalme Areus wa Sparta, inayodai kuwa Wasparta na Wayahudi wote ni uzao wa Abrahamu. Wanahistoria wengi wanaitilia shaka. Hata hivyo kuhani mkuu Yonathani aliitaja kwa heshima alipowaandikia Wasparta baadaye: tunataka kuufanya upya undugu, aliandika, ingawa hatuna haja nao, kwa kuwa faraja yetu tunayo katika vitabu vitakatifu.