Duki, Konti na Baroni

Mgodi wetu wa Kipushi, ulioanza kuchimbwa mwaka 1924, Wabelgiji waliuita Prince Léopold, maana yake mwana wa mfalme Léopold. Huyo alikuwa mtoto wa kwanza wa Mfalme Albert wa Ubelgiji, na cheo chake kilikuwa Duki wa Brabant. Mwaka 1934 baba yake alikufa, naye akawa mfalme. Lakini duki ni nani? Na konti na baroni ni nani?

Vyeo hivi ni vya zamani sana, na kila kimoja kilianza kuwa kazi. Duki, kwa Kilatini dux, ni kiongozi wa vita. Markizi alilinda nchi ya mpakani. Konti, kwa Kilatini comes, ni mwenzi wa mfalme, aliyetumwa wilayani kuamua mashauri na kukusanya kodi. Viskonti alikuwa naibu wake. Baroni alipewa ardhi na bwana wake, naye akapaswa kumfuata vitani. Hata kwetu jambo hili si geni: Mwata Yamvo wa Walunda alituma wakubwa upande wa mashariki, na hivyo akatokea Kazembe wa Luapula. Kazembe ni jina la cheo, nalo hupita kwa mrithi hata leo.

Baadaye wafalme wa Ulaya waliajiri maofisa na askari wa mshahara. Kazi ya konti ikamtoka, jina likabaki, watoto wakalirithi. Katiba ya Ubelgiji, tangu mwaka 1831, yasema kwamba mfalme aweza kumpa mtu cheo, lakini hawezi kukitia upendeleo wowote. Basi mbele ya sheria baroni ni sawa na mwuza mikate.

Tazameni mfano ulio karibu nasi. Jenerali Charles Tombeur, aliyepata kutawala Katanga, aliongoza jeshi la Kongo lililoingia Tabora mwezi wa Septemba 1916. Alifanywa baroni, na jina la Tabora likaongezwa kwenye jina lake. Lakini je, alifika huko peke yake? Askari Wakongo walipigana, na wapagazi maelfu kwa maelfu walichukua risasi na chakula vichwani. Wengi walikufa njiani kwa ugonjwa na uchovu. Hao hawakupewa cheo.

Vivyo hivyo mgodi ulipewa jina la mwana wa mfalme, lakini shaba na zinki zilitolewa chini ya ardhi kwa mikono ya wachimbaji. Leo mgodi waitwa Kipushi tu. Cheo cha Brabant kingaliko: tangu mwaka 2013 anacho Elisabeth, binti wa Mfalme Philippe.

Basi, tukisikia mtu akiitwa kwa cheo kikubwa, awe wa Ulaya au wa kwetu, tuulize mambo mawili: kazi yake ni ipi, na mizigo yake yachukuliwa na nani?