Papa Aliyemeza Desturi ya Sinema

Wazee wa Dar es Salaam wakianza kuitaja Empire au Avalon, na wale wa Unguja wakiitaja Majestic, maneno ya kwanza huwa ni yaleyale: tulikuwa tunakwenda sinema. Jina la picha huja baadaye, kama litakuja. Jumapili ikifika watu walipiga pasi nguo, wakajitia manukato, wakashika njia. Ikiwa ni picha ya Raj Kapoor, heri. Ikiwa si yake, walikwenda vilevile, maana jioni ile ilikwishawekwa kuwa ya sinema tangu Jumapili iliyopita.

Nimeanzia hapo kwa sababu habari za Hollywood siku hizi huelezwa kuanzia mwisho. Tunaambiwa watazamaji wamechoka na mashujaa wanaopaa angani, filamu za mfululizo zimezeeka, simu na intaneti zimeua kumbi. Yapo ya kweli humo. Lakini kilichokufa kwanza, tena zamani, ni ule mwendo wa Jumapili. Hollywood iliuona ukifa, ikatafuta dawa, na dawa hiyo ndiyo inayoitesa leo.

Mwaka 1946 Marekani ilikuwa na watu wapatao milioni 140, na makadirio ya wakati huo ni kwamba zilikatwa tiketi zaidi ya milioni 80 kila wiki. Mtu aliweza kuingia picha ikiwa katikati, akakaa mpaka ikarudiwa na kufika pale alipoikuta, kisha akaondoka. Studio kubwa zilimiliki kumbi, kwa hiyo zilitoa picha kama mwoka mikate anavyotoa mikate: wateja wapo, tanuri lisizimwe.

Miaka michache baadaye nguzo hizo zilianza kuanguka. Mei 1948 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu katika kesi ya Paramount iliyoishia kuzilazimisha studio kuachana na kumbi zao. Askari waliorudi vitani walioa, wakahamia vitongoji vipya mbali na mitaa yenye sinema, wakanunua televisheni. Mwishoni mwa miaka ya 1960 idadi ya tiketi kwa wiki ilikuwa imeshuka chini ya milioni 20. Studio zilijaribu kuwashawishi watu kwa ukubwa: kioo kipana cha CinemaScope mwaka 1953, kisha hadithi za Misri na Roma zenye maelfu ya watu na farasi. Cleopatra ya mwaka 1963 iliongoza kwa mapato Marekani mwaka huo na bado nusura iifilisi studio ya Fox, kwa jinsi ilivyogharimu.

Ndipo akaja papa.

Jaws, iliyoongozwa na kijana wa miaka 28 aitwaye Steven Spielberg, ilitoka tarehe 20 Juni 1975. Hadithi yenyewe ni nyepesi: papa anakula watu ufukweni, na wanaume watatu wanamfuata baharini. Jambo la kutazamwa hapa ni namna ilivyouzwa. Kabla yake, picha nzuri ilianza katika kumbi chache za miji mikubwa, watu wakaisimulia, kisha ikasambaa taratibu kwenda miji midogo kwa miezi mingi. Picha iliyofunguliwa kila mahali kwa mpigo mara nyingi ilishukiwa kuwa mbovu, kwamba mwenyewe anataka kuchukua fedha kabla watu hawajaambizana. Studio ya Universal iliifungua Jaws katika kumbi 409 siku moja, na ikamwaga takriban dola 700,000 katika matangazo ya televisheni siku chache kabla. Chombo kilichowaiba watazamaji ndicho kilichotumwa kuwaita. Tena ilikuwa majira ya joto, ambayo studio ziliyachukulia kuwa msimu wa picha hafifu.

Tangu hapo mtu hakuitwa tena kwenda sinema. Aliitwa kwenda kumwona papa, wikiendi hii, kabla jirani yake hajamsimulia. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, ingawa kwa mhasibu yanaonekana kuwa tiketi ileile.

Miaka miwili baadaye, tarehe 25 Mei 1977, ikaja Star Wars. George Lucas, mwongozaji wake, alikuwa amejihifadhia haki za picha za kuendeleza hadithi na za bidhaa zitakazotokana nayo, haki ambazo Fox haikuziona kuwa na thamani kubwa. Krismasi ilipofika wanasesere walikuwa bado hawajatengenezwa. Kampuni ya Kenner ikauza pakiti yenye cheti cha kuahidi kwamba wanasesere watatumwa mwakani, na wazazi wakainunua. Hapo studio zilijifunza kwamba picha moja inaweza kuwa mlango wa duka lisilofungwa.

Miaka ya 1980 na 1990 nitaipita haraka, kwa kuwa ilikuwa ya kurudia somo lilelile: Jaws ya tatu, ya nne, kila moja dhaifu kuliko iliyoitangulia. Aliyelifikisha somo hilo kileleni ni Marvel, kampuni ya vitabu vya katuni iliyofilisika mwaka 1996. Iliuza haki za filamu za mashujaa wake maarufu, Spider-Man kwa Sony na X-Men kwa Fox. Mwaka 2005 ilipata mkopo wa dola milioni 525 kwa kuweka rehani haki za filamu za mashujaa iliobaki nao, na mwaka 2008 ikatoa Iron Man. Mwisho wa picha, majina yakiwa yamepita, mtu alijitokeza na kudokeza kwamba kuna wengine. Disney iliinunua Marvel mwaka uliofuata kwa takriban dola bilioni 4, na mwaka 2012 ikainunua kampuni ya Lucas kwa bei inayokaribiana na hiyo.

Nguvu ya mpango ule tuliiona hata huku kwetu. Februari 2018 Black Panther ya Ryan Coogler ilizinduliwa Kisumu, mji wa nyumbani wa kina Lupita Nyong'o, mmoja wa waigizaji wake, na watu walifika wamevaa kama wanakwenda arusini. Duniani ilikusanya zaidi ya dola bilioni 1.3. Sitaki kuidharau furaha ile. Ilikuwa ya kweli, na Wakanda, nchi ya kubuni ya picha ile, ilistahili kanzu na vitenge vilivyovaliwa kwa ajili yake. Lakini mji uliojaa usiku ule haukupata kwa hilo desturi ya kwenda sinema Jumapili iliyofuata.

Mwaka 2019 ndio uliofunika ugonjwa kwa dhahabu. Avengers: Endgame, picha ya 22 katika mfululizo wa Marvel, ilipata karibu dola bilioni 2.8. Picha 7 za Disney, kila moja, zilivuka dola bilioni 1, na hakuna hata moja iliyokuwa hadithi mpya. Sasa tazama tiketi badala ya dola. Mwaka 2002 Marekani na Kanada zilikata tiketi bilioni 1.57. Mwaka 2019, ule wa dhahabu, zilikuwa kama bilioni 1.24. Watu zaidi ya milioni 300 wanaishi katika nchi hizo, na idadi yao iliongezeka katika kipindi hicho, huku viti vikipungua watu. Tofauti ilizibwa na bei, iliyopanda kutoka wastani wa chini ya dola 6 hadi zaidi ya dola 9. Na hayo yote ni kabla ya Uviko.

Aliyeumia kimyakimya ni mwenye ukumbi. Wiki za mwanzo sehemu kubwa ya mapato ya tiketi huenda kwa studio. Yeye huishi kwa bisi, soda, na zile wiki za baadaye ambapo mgao humgeukia. Picha inayokusanya karibu kila kitu siku tatu za kwanza humwachia foleni ndefu, zulia la kufagia na umeme wa kulipia Jumatatu hadi Alhamisi.

Machi 2020 kumbi zilifungwa. Disney+, huduma ya kutazama picha mtandaoni, ilikuwa imeanza miezi minne tu nyuma, na mwaka 2021 Warner ilizipeleka picha zake zote za mwaka huo sebuleni siku ileile zilipoingia kumbini. Kipindi cha kusubiri picha itoke kumbini ifike nyumbani, ambacho kwa kawaida kilikuwa kama siku 90, kikakatwa nusu au zaidi. Marvel nayo ikaanza kumwaga tamthilia za televisheni, na mtazamaji akajikuta anadaiwa masomo ya ziada kabla ya kukata tiketi. Novemba 2023 The Marvels ilifungua kwa dola milioni 46 Marekani, mwanzo dhaifu kuliko wote katika mfululizo ule, ikaishia na takriban milioni 206 dunia nzima. Bob Iger, aliyekuwa mkuu wa Disney wakati huo, alikiri mwaka huo kwamba wingi wa kazi ulipunguza ubora wake.

Mwaka huohuo, Julai, watu walijazana kumtazama mwanasayansi aliyesimamia utengenezaji wa bomu la atomiki, katika picha ya saa tatu yenye mazungumzo tele. Oppenheimer ilikusanya zaidi ya dola milioni 950 na haina sehemu ya pili. Mwaka 2025 Coogler, yuleyule wa Wakanda, alitoka na Sinners, hadithi yake mwenyewe ya ndugu pacha, muziki wa bluzi na wanyonya damu katika Mississippi ya miaka ya 1930. Watazamaji walisimuliana kwa mtindo wa zamani, na mapato ya wiki ya pili Marekani yakashuka kidogo mno. Katika mkataba wake na Warner aliweka sharti kwamba miaka 25 ikipita picha irudi kuwa mali yake.

Sidai kwamba hadithi mpya zitaokoa kumbi zote. Mwaka 2024 Inside Out 2 iliongoza dunia kwa karibu dola bilioni 1.7, na mwaka 2025 Wachina waliipa Ne Zha 2 zaidi ya dola bilioni 2, karibu zote nyumbani kwao. Hizo ni sehemu za pili. Mfululizo bado unauza. Kinachokosekana ni picha za kati, zile ambazo zamani zilimweka mtu karibu na ukumbi kati ya papa mmoja na mwingine, na ambazo studio ziliziacha zenyewe kwa kuwa haziuzi wanasesere.

Katika mabanda ya video ya kwetu tulikuwa na kanuni: steringi hafi. Marvel ilimuua Iron Man mwaka 2019 na watu wakalia kumbini. Sasa Robert Downey Jr., aliyeigiza steringi yule, amerudishwa akiwa adui, katika Avengers: Doomsday iliyopangiwa kutoka tarehe 18 Desemba 2026. Tarehe hiyohiyo Warner imeipangia Dune ya tatu. Mwenye ukumbi atakuwa na majitu mawili yakigombea viti vilevile wiki moja, naye anatafuta la kuonyesha katikati ya Januari.