Zilipendwa: Jina, Wakati na Mipaka ya Muziki wa Zamani katika Afrika Mashariki

Utangulizi

Kila jamii yenye redio hufikia wakati ambapo hulazimika kuzipa jina nyimbo ambazo si mpya tena lakini watu hawajaziacha. Nchini Marekani suala hilo liliamuliwa na wenye vituo vya redio. Mwaka 1972 kituo cha WCBS-FM cha New York kiligeukia nyimbo za zamani, na kigezo kikuu cha kuziteua kikawa ni umri. Katika miaka ya 1980 vikazuka vituo vya aina nyingine, vilivyojikita katika muziki wa roki wa miaka ya 1960 na 1970 na kuupa jina lenye sifa ya ubora usiochakaa. Jina la kwanza lilihesabu miaka; la pili lilitoa hukumu. Kwa sababu hiyo, nyimbo mbili zilizotoka mwaka mmoja ziliweza kutengwa katika makundi mawili yasiyopigwa katika kituo kimoja.

Waswahili hawakutumia nomino ya umri wala kivumishi cha ubora. Walitumia kitenzi: zilipendwa. Mhadhara huu unachunguza jina hilo kwa upande wa sarufi na kwa upande wa historia. Hoja inayojengwa ni kwamba zilipendwa limebeba vigezo viwili kwa pamoja, yaani kigezo cha wakati na kigezo cha aina, na kwamba kutovitenganisha kumewafanya wengi waamini kuwa muziki wote wa zamani wa Kiswahili umo ndani ya jina hilo, ilhali sehemu yake kubwa imeachwa nje.

Jina na Muundo Wake

Neno zilipendwa lina mofimu tano: zi-, kipatanishi cha nyimbo, -li-, alama ya wakati uliopita, -pend-, mzizi, -w-, alama ya kauli ya kutendwa, na kiishio -a. Kwa muundo huo neno hili ni sentensi kamili, si nomino. Hata hivyo limefanywa nomino, kama ilivyotokea kwa hamnazo, jina la mtu mpungufu wa akili, na kwa shikamoo, tamko ambalo leo mtu "hulitoa" au "hulipokea" kama kitu.

Ushahidi kwamba unominishaji umekamilika unapatikana katika matumizi ya mitaani. Vazi lililopitwa na wakati huitwa zilipendwa; mchumba aliyeachwa naye huitwa zilipendwa. Haisemwi kuwa mchumba huyo ni "alipendwa", ingawa ndivyo upatanisho wa kisarufi ungedai. Kipatanishi zi- kimekufa ndani ya neno, na neno likawa huru kumwelekea yeyote. Hapo pia ndipo unapoonekana uwili wa maana yake. Likitajwa juu ya wimbo, ni heshima. Likitajwa juu ya mtu, ni kijembe.

Nchini Kenya umbo lililozoeleka zaidi ni zilizopendwa, lenye kirejeshi -zo-. Tofauti hiyo ni ndogo kwa sikio lakini si ndogo kwa sarufi. Zilizopendwa ni kishazi tegemezi kinachongoja nomino yake, yaani nyimbo. Zilipendwa ni tamko lililofungwa. La kwanza linabainisha nyimbo zipi. La pili linatangaza habari iliyokwisha kutokea.

Maumbo yote mawili yanashirikiana katika jambo moja. Yako katika kauli ya kutendwa, na mtenda hatajwi. Msikilizaji huambiwa kwamba nyimbo zilipendwa, lakini hasikii zilipendwa na nani. Swali hilo haliwezi kujibiwa na sarufi peke yake.

Santuri na Kanda

Nchini Kenya, aliyepima mapenzi ya wasikilizaji alikuwa kwa kiasi kikubwa mfanyabiashara. Nairobi ilikuwa na kampuni za kurekodi na kuuza santuri tangu enzi za ukoloni. Fundi Konde alirekodi kabla ya uhuru, na katika miaka ya 1960 studio ya Equator ilikusanya waimbaji kama Fadhili William na Daudi Kabaka. Wimbo ulikuwa bidhaa. Uliponunuliwa kwa wingi ulichapishwa tena, na nakala zake zikatawanyika majumbani, katika mabaa na katika maktaba ya redio. Mombasa nayo ilikuwa na wauzaji wake, na nyimbo za Cuban Marimba ya Salum Abdallah, bendi ya Morogoro, zilitolewa huko katika santuri za Mzuri.

Tanzania ilifuata njia nyingine. Utangazaji ulianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, na mwaka 1965 ikaundwa Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyojulikana kwa kifupi RTD. Baada ya uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, bendi nyingi zilimilikiwa na vyombo vya umma. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya jumuiya ya vijana ya chama tawala. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ikaja kuwa chini ya shirika la maendeleo la jiji la Dar es Salaam. Polisi na jeshi vilikuwa na bendi zao. Bendi hizo zilirekodi katika studio ya RTD, mashairi yakipitiwa kabla ya kuruhusiwa hewani, na kanda zikabaki mikononi mwa redio. Waliotaka santuri walielekeza macho Nairobi.

Tofauti hii ya santuri na kanda inaeleza mengi. Santuri ina nakala nyingi. Ikivunjika moja, nyingine ipo kwa jirani. Kanda ya redio ni moja au mbili. Wimbo uliohifadhiwa ulipigwa tena na tena, na kwa kupigwa ukapendwa. Wimbo usiorekodiwa, hata kama ulijaza ukumbi kila Jumamosi, haukupata nafasi ya kupendwa na kizazi kilichofuata. Kwa hiyo, nchini Tanzania, mtenda asiyetajwa katika neno zilipendwa ni wasikilizaji pamoja na maktaba ya redio.

Zipo nyimbo zinazovuka mpaka huu. Ndugu Wilson na George Peter Kinyonga, wenyeji wa Tanga, walianzisha Simba Wanyika katika miaka ya 1970 na kuweka makao Nairobi. Baadaye bendi hiyo ikazaa Les Wanyika. Mbaraka Mwinshehe, aliyekwenda Japani na Morogoro Jazz katika maonyesho ya Osaka ya mwaka 1970, alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwezi Januari 1979. Kazi zao zimo katika zilipendwa za Tanzania na katika zilizopendwa za Kenya pia, na hakuna upande unaoziona kuwa za kigeni.

Mtindo na Umri

Wanamuziki wenyewe hawakujiita watu wa zilipendwa. Walijitambulisha kwa mitindo. Western Jazz walikuwa na Saboso, Atomic Jazz wa Tanga walikuwa na Kiweke, NUTA walikuwa na Msondo, Mlimani Park walikuwa na Sikinde, jina lililotokana na ngoma ya Wazaramo. Mtindo ulikuwa alama ya bendi na pia alama ya wakati. Msikilizaji aliyetaja mtindo alikuwa amekwisha kutaja ukumbi, waimbaji na hata miaka.

Jina zilipendwa liliifuta mipaka hiyo. Salum Abdallah alifariki mwaka 1965, akiwa ameacha nyimbo zenye mapigo ya Kikuba. Mlimani Park ya miaka ya 1980 ilikuwa bendi kubwa yenye magitaa kadhaa na safu ya tarumbeta na saksafoni. Kati yao ipo miaka ishirini na mabadiliko makubwa ya muziki. Kwa mzee aliyecheza dansi kabla ya uhuru, Sikinde ilikuwa muziki wa vijana. Kwa aliyezaliwa mwaka 1990, vyote viwili ni zilipendwa, na hupigwa katika kipindi kimoja.

Mpaka wa juu nao haukutulia. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua njia ya redio binafsi, na muziki wa kizazi kipya, uliokuja kuitwa bongo fleva, ukapata majukwaa yake. Muziki wa dansi ukasogezwa kwenye vipindi maalumu. Mwaka 2017 kundi la WCB Wasafi lilitoa wimbo uitwao Zilipendwa, ishara kwamba kizazi hicho nacho kilikuwa kimeanza kutazama nyuma. Nyimbo za bongo fleva za mwaka 2000 sasa zina zaidi ya miaka ishirini. Kwa kigezo cha wakati zimestahili jina hilo. Lakini yupo msikilizaji atakayekataa kabisa, kwa kuwa kwake yeye zilipendwa ni bendi yenye magitaa na si mapigo ya kompyuta. Msikilizaji huyo hahesabu miaka. Anatumia kigezo cha aina. Ubishi wa namna hii hauishi kwa kutaja tarehe, kwa kuwa wabishanao hawatumii kipimo kimoja.

Zilipendwa na Asilia

Ushahidi ulio wazi zaidi unatokana na taarab. Klabu ya Ikhwani Safaa ya Zanzibar ilianzishwa mwaka 1905. Siti binti Saad alirekodi santuri zake za kwanza huko Bombay mwaka 1928, miaka mingi kabla ya NUTA Jazz kuzaliwa. Kama umri ndio ungekuwa kipimo, Siti angekuwa wa kwanza katika orodha ya zilipendwa. Hayumo. Nyimbo zake ni taarab, na tangu kushamiri kwa taarab ya kisasa yenye vinanda vya umeme katika miaka ya 1990, taarab ya awali imeitwa taarab asilia.

Asilia ni neno la hukumu. Halisemi kwamba kitu kilipendwa, bali kwamba ndicho chenye mzizi na kwamba vingine vimekengeuka. Hivyo Kiswahili nacho kina makapu yake mawili: zilipendwa kwa dansi, asilia kwa taarab. Dansi limekabidhiwa kumbukumbu, taarab imekabidhiwa urithi.

Mgawanyo huu una gharama yake. Katika bendi za dansi waimbaji na wapigaji walikuwa wanaume kwa sehemu kubwa. Wanawake waliotamba kwa sauti, kuanzia Siti hadi Bi Kidude aliyefariki mwaka 2013, walitamba katika taarab na katika ngoma kama unyago. Anayesema zilipendwa akidhani ametaja muziki wote wa zamani amewaondoa wanawake hao katika yaliyopendwa bila kukusudia. Vivyo hivyo ameziondoa nyimbo za bendi za mikoani ambazo hazikufika studio.

Hitimisho

Suala hili si la majina matupu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilimpa mtunzi wa Tanzania haki ya kudai malipo kazi yake inapotumiwa. Ili alipwe, yeye au warithi wake, lazima ijulikane wimbo ni wa nani. Kanda iliyoandikwa "zilipendwa" pasipo jina la mtunzi, bendi, mtindo, mwaka na mahali iliporekodiwa imehifadhi sauti na kumpoteza mwenyewe. Kazi ya kuhamishia kanda za zamani katika mfumo wa dijitali itakuwa nusu kazi endapo kumbukumbu hizo hazitaandikwa wakati wazee wanaozijua wangali hai.

Wanafunzi wa Kiswahili wana wajibu wao hapa, kwa kuwa habari nyingi zimo ndani ya nyimbo zenyewe: majina ya waimbaji yanayotajwa katikati ya wimbo, majina ya mitindo, lahaja, misimu na methali za wakati wake. Mchambuzi wa lugha anaweza kuukadiria mwaka wa wimbo pale ambapo jalada limepotea. Akifanya hivyo, atakuwa amelikamilisha tamko ambalo sarufi ililiacha wazi. Nyimbo hizi zilipendwa. Historia bado inadai kuandikwa zilitungwa na nani, na zilipendwa na nani.