Upepo, Hewa na Kanieneo: Istilahi za Mashine ya Kale ya Kujazia Matairi

Katika vituo vya mafuta vya Marekani (kwetu Tanzania wengi huviita sheli, jina la kampuni moja lililogeuka kuwa jina la vyote) palikuwapo zamani, kando ya pampu za petroli, mashine ya chuma yenye dirisha la tarakimu, mkono wa kuzungusha na kengele ndani yake. Iliyojulikana sana ni Eco Tireflator. Mtu aliuzungusha mkono mpaka tarakimu aliyoitaka ikatokea, tuseme 30, akaishindilia ncha ya bomba la mpira kwenye valvu ya tairi, na kengele ikaanza kulia. Iliponyamaza, tairi lilikuwa limejaa. Leo mashine hizo ni vitu vya kale, na wako mafundi wanaozifufua. Maelezo ya kazi yao, yafikapo mezani kwa mfasiri wa Kiswahili, humwonyesha upesi mahali akiba yetu ya istilahi inapotosha na mahali inapopwaya.

Tuanze na kengele. Hewa ipitapo kwa kasi katika bomba, kipimo kilichoko upande wa mashine hakiwezi kusema kweli juu ya hewa iliyomo tairini, husoma zaidi. Yabidi mkondo ukatizwe, hewa ya bombani na ya tairini zilingane, ndipo ipimwe. Kwa hiyo mashine hupitisha hewa funda baada ya funda, na kila funda hugonga kengele. Neno funda ni la kinywa na maji, wala silioni katika fizikia yetu. Lakini hapa lafaa kuliko maelezo ya maneno sita.

Mkono unapozungushwa hukaza kamani, na hewa ya tairi hushindana na kamani hiyo. Wengi siku hizi husema springi, ilhali kamani lilikuwa neno la mafundi saa wa pwani. Hewa husukuma ngozi nyembamba iliyowambwa, nayo tunalo jina lake: kiwambo, kutokana na kuwamba, kama ngozi iwambwavyo juu ya ngoma. Na viwambo ndivyo vinavyokufa kwanza. Mpira hukauka, hupasuka, hewa huvuja, na kengele hulia bila kukoma au hailii kabisa. Fundi hufunga hewa kwanza, akaitoa yote iliyobaki ndani, ndipo afungue. Hubadili viwambo na gasketi, husafisha valvu, kisha hulinganisha tarakimu za mashine na kipimo cha kuaminika, tena kwa viwango kadhaa, si kimoja. Kupaka rangi tu ni kukarabati sura. Mashine iliyorudi kupima sawasawa ndiyo nitakayoiita iliyofufuliwa.

Lakini inapima nini? Hapo mwamba ngoma huvutia kwake. Fundi wa gereji husema upepo. Mwalimu husema kanieneo. Wengine hupendelea shinikizo, ambalo limekwisha kukaa katika habari za damu. Upepo ni hewa inayokwenda, na iliyofungwa tairini haiendi popote. Hata hivyo, tangu matairi ya Dunlop ya 1888 yaenee duniani, hakuna lugha iliyongoja wanafizikia ndipo ilitaje tairi lililonywea. Kanieneo limeundwa kwa kani na eneo, na uso wa mashine hii ya kale walithibitisha: kipimo chake ni ratili kwa inchi ya mraba, yaani kani juu ya eneo. Kwa maoni yangu, kujaza upepo kubaki jina la tendo, na kanieneo jina la kiasi.

Ubishi huu una hatari yake. Paskali ilikubaliwa kimataifa mwaka 1971, na vitabu vingi hutumia kilopaskali. Ratili 30 ni takriban kilopaskali 207. Mfasiri akiandika “jaza upepo 200” bila kutaja kipimo, na msomaji akasimama mbele ya uso wa ratili, ameelekezwa kwenye karibu mara saba ya kiasi kinachotakiwa, na tairi laweza kupasuka usoni pake. Basi katika tafsiri iandikwe kwa ukamilifu, kila mara: kanieneo ya tairi, kilopaskali 207, yaani ratili 30 kwa inchi ya mraba.