Mkono juu ya tumbo la mtoto: umetoka wapi? (Sehemu ya 5)

Wiki iliyopita tuliongea homa. Leo ni zamu ya tumbo, na naanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka ya nyuma, nikiwa bado mgeni kazini, mama mmoja aliniletea mtoto wa miaka mitatu. Akasema, "Nesi, kila nikimwogesha nakuta kitu kigumu hapa kushoto, kama jiwe." Foleni ilikuwa ndefu. Nikambonyeza mtoto akiwa kwenye mapaja ya mama yake, analia, fulana hata haijavuliwa. Sikugusa kitu. Nikawaambia waende nyumbani.

Siku chache baadaye wakarudi. Mtoto amelegea, viganja vyeupe. Nesi mwenzangu, mtu mzima, akamlaza chali, akamvua, akamkunja magoti, akasubiri anyamaze. Halafu akaanza kumpapasa taratibu kutoka chini kwenda juu. Bandama, ambalo vitabuni linaitwa wengu, lilikuwa limeshuka karibu na kitovu. Malaria ya kurudiarudia, damu imekwisha. Aliongezewa damu, akapona, namshukuru Mungu. Ila yule mama aliniangalia tu akasema, "Si nilikwambia, dada?"

Tangu hapo nikataka kujua huu upimaji wa tumbo umetoka wapi.

Kumbe ni wa zamani mno. Maandishi ya Kigiriki yanayobeba jina la Hippocrates, ya miaka zaidi ya 2,300 iliyopita, yanasema wanaokunywa maji ya kinamasi wanakuwa na bandama kubwa na gumu. Hawakujua habari za mbu, lakini mikono yao ilishaukuta ugonjwa. Miaka ya 1840 huko India, daktari Dempster alipita kijiji kwa kijiji karibu na mifereji ya kumwagilia akipapasa watu, wakiwemo watoto. Penye mabandama mengi, alijua homa imekaa hapo. Hata Tanganyika wataalamu wa malaria walipima matumbo ya watoto kwa njia hiyohiyo.

Na sisi hapa? Makazi ya Katumba yalifunguliwa 1973 kwa ajili ya wakimbizi waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972. Bibi zetu walioingia pori hili hawakuwa na kipimo cha haraka cha malaria, hakikuwepo bado. Walikuwa na macho na mikono. Ndiyo maana mpaka leo nakuta watoto wenye chale upande wa kushoto wa tumbo. Mkono wa bibi ulikuwa sahihi, uvimbe upo palepale alipogusa. Tatizo ni kwamba wembe hauitoi malaria, na unaweza kuleta ugonjwa mwingine. Na bandama lililovimba lisikandwe kabisa, mama zangu. Linaweza kupasuka likavujia damu ndani.

Tuendelee. Mmewahi kuona daktari anaweka kidole tumboni halafu anakigonga kwa kidole kingine? Hilo lilianza na daktari Leopold Auenbrugger wa Austria, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni. Inasemekana alimwona baba yake akigonga mapipa ya divai kujua yamebaki kiasi gani. Ni kama wewe unavyogonga pipa la maji. Mwaka 1761 aliandika kitabu kuhusu kugonga kifua, na wengi hawakumjali. Baadaye ikaja kutumika na tumboni. Penye gesi panalia kama ngoma, penye maji panatoa mlio mzito.

Kusikiliza kukaja 1816. Daktari Laennec wa Paris aliona haya kulaza sikio kwenye kifua cha msichana, akakunja karatasi kama bomba na kusikiliza kupitia hiyo. Ndiyo asili ya kile chombo cha masikioni, na hata lile pembe tunaloweka tumboni kwa mjamzito ni ndugu yake. Kwa hiyo stara haijawahi kuwa adui wa kipimo. Ukiona aibu kujifunua, sema, uletewe khanga au pazia.

Lakini stori ninayoipenda zaidi ni ya jirani hapa Uganda. Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, daktari Denis Burkitt, aliyekuwa na jicho moja tu linaloona, aliitwa kumwangalia mtoto mwenye uvimbe mataya yote. Hakuelewa. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, alichungulia dirishani akaona mtoto mwingine mwenye uso uleule, amekaa na mama yake kwenye majani. Akatoka nje kumpima. Hakuishia usoni, akapapasa na tumbo, akakuta uvimbe humo pia. Hapo akashtuka kwamba ni ugonjwa mmoja. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari maili kama 10,000 wakiuliza hospitali kwa hospitali, Tanganyika ikiwemo. Waligundua saratani hiyo inakaa kwenye maeneo ya joto na mvua, yaleyale ya malaria. Leo ina dawa, na watoto wengi wanapona wakiwahi.

Sasa wewe ufanye nini? Ukienda kituoni, mvue mtoto mapema, mnyonyeshe atulie, halafu omba alazwe chali. Utaratibu ni kuangalia, kusikiliza, kugonga, mwisho kupapasa. Tunasikiliza kabla ya kubonyeza kwa sababu kubonyeza kunabadilisha sauti za utumbo. Na panapouma paguswe mwisho. Mtoto akisema "mu nda" huku anaonyesha kitovu, mwambie anayepima.

Tumbo gumu kama ubao, matapishi ya kijani, damu kwenye choo, tumbo limevimba na choo hakitoki: hapo usingoje asubuhi.

Na ukigusa kitu wakati wa kumwogesha, sema. Nikikujibu "hamna kitu" bila kumvua mtoto, niambie nirudie. Mimi sitakasirika, nilishafundishwa na mama mwenzako.

Wiki ijayo, Mungu akipenda: minyoo.